Makobo ya Madamu Thandiwe

Jumatatu, 13 Januari
Ziwa limefungwa upande huu wa Zambia mpaka Februari iishe. Samaki mubichi ni marufuku. Sisi wafanyabiashara wa Kongo tumekaa bure. Chama chetu kinatafuta sekretere anayejua Kiingereza, mutihani ni Ijumaa. Baba mukwe ananiita mutu wa bure. Nimeshamwambia kazi nimepata!

Jumanne, 14 Januari
Darasa la mutihani liko kanisani. Mwalimu, Madamu Thandiwe, anataka tukate kila sentensi ya Kiingereza vipande viwili: kiima, yule anayesemwa, na kiarifu, yale yanayosemwa juu yake. Nimevumbua njia. Maneno mawili ya kwanza, kiima. Mengine yote, kiarifu. Nilipata nne juu ya tano! Emilienne, muuza dagaa, alipata tano. Eti mimi nakata sentensi kama mukate. Wivu tu.

Jumatano, 15 Januari
Njia imekufa. Sentensi ya leo: mama muzee wa Kafutuma mwenye ndoo nyekundu anauza mihogo. Ndoo nikaitupa kwenye kiarifu. Emilienne akaniuliza, kwa heshima yote, kama ndoo ndiyo inauzwa. Darasa zima lilicheka mpaka machozi. Shenzi! Lakini mukono mutupu haulambwi. Nimemutuma shemeji Guy ng'ambo, Kongo, ambako bado wanavua.

Alhamisi, 16 Januari
Makobo matatu, samaki watamu wa ziwa letu, mabichi, macho yanang'aa! Nikayafunga kwenye chitenge cha bibi yangu, nikaenda kwa Madamu. Alifungua bwana yake. Nikamupa kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikasema ni kidogo tu, kwa ajili ya mutihani. Nani aliniambia yule ni afisa wa uvuvi? Hakuna! Alinishukuru, akavaa kofia ya kazi, tukaenda pamoja biro, ofisini kwake.

Ijumaa, 17 Januari
Wenzangu waliandika mutihani. Mimi nilikaa kwenye benchi ya biro na harufu ya samaki zangu. Emilienne amepata kazi. Barua yake ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa ya kuniombea msamaha, wakaniachilia. Niliisoma: Evariste alileta samaki. Evariste hakufikiri. Kiima nilikiona bila shida, kila mustari ni mimi. Iliniuma sana.

Jumamosi, 18 Januari
Baba mukwe anakuja Jumatatu kuona biro yangu. Nimelia, sifichi. Emilienne anasema niseme ukweli, atanifundisha Kiingereza bure. Nifundishwe na muuza dagaa? Asante! Shida ni jina langu katika kitabu cha wakosaji cha afisa. Likifutwa, nitaomba mutihani mupya. Na nimesikia afisa anapenda sana makobo. Guy ameshavuka. Nimemwambia safari hii alete sita.