Oili Iliyomwagwa Ijumaa Jioni

Jumanne, 5 Agosti 2025

Wageni Jumapili! Mzee Momanyi wa Keroka, babake Lewis, anakuja na wazee wake kumposea mwanawe Celestine, binti yangu. Nimetoka nje nikatazama nyasi za mbele ya nyumba. Aibu tupu. Kuku mmoja aliingia humo asubuhi na mpaka sasa hajatoka. Ng'ambo ya ua, nyasi za jirani yangu Onyiego zimelala sawasawa kama kitambaa cha meza. Hufanya makusudi.

Mama Celestine amesema tutafute mtu mwenye slasha. Nimekataa. Mwanamume mwenye mashine ya kukata nyasi hatafuti slasha. Mashine ninayo, walinizawadia shuleni nilipostaafu ukarani. Inakohoa kidogo tu.

Jioni Celestine akaja nilipokaa. Akaniita Tata, yaani baba, kwa sauti ya chini, akaniomba jambo moja: safari hii nisibuni chochote. Anamkumbuka yule ng'ombe. Nyamira nzima inamkumbuka. Mwaka juzi walikuja wageni wengine kumposa, nami nikaazima ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, kwa Onyiego, nikamfunga mbele ya nyumba ili boma lipendeze. Katikati ya maombi, Onyiego akagonga ndoo ya kukamulia huko kwake. Ng'ombe akakata kamba, akapita kati ya wageni, akaenda zake nyumbani. Wageni nao wakaenda zao, na hawakurudi. Mtoto wangu alikonda. Mimi husema mpaka leo kwamba mwenye makosa ni ndoo.

Celestine anampenda Lewis. Hata kipofu angeona. Nimemwahidi kwamba sitabuni kitu.

Kubadilisha oili si kubuni. Oili ni usafi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeitoa mashine stoo. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Nyeusi tititi! Onyiego akachungulia juu ya ua, akasema injini hiyo italia machozi nisipoimwaga oili ya zamani, na kwamba kesho ana nafasi, anaweza kuja tuifanye kazi hiyo pamoja. Alisema kwa upole. Hapo ndipo aliponiudhi.

Nikamwambia nimekuwa nikibadilisha oili tangu yeye hajaota ndevu.

Sijawahi kubadilisha oili.

Mchana nikaenda mjini kununua. Muuzaji akauliza ni ya mashine gani. Nikasema ni ya ile kubwa. Akanipa kopo moja, akasema hilo linatosha injini, lisizidi. Usiku nikatazama video kwenye simu. Bwana mmoja mwenye aproni safi anafungua, anamwaga, anajaza, anatabasamu. Basi. Watu huenda chuo kusomea mambo haya!

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua kutwa. Stima imepotea. Simu imezima kabla sijafika mahali bwana wa aproni anapoonyesha boliti iko wapi. Mvua ilipokatika kidogo, Onyiego akakata nyasi zake upya, ingawa hazikuwa na haja. Nimeandika hili ili Mungu naye alisome.

Mama Celestine ameuliza kama nimemwomba Onyiego msaada. Nimemjibu kwamba jambo lenyewe ni boliti moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi boliti haikupatikana. Nililala chali chini ya mashine, nikafungua kitu, gurudumu likatoka. Nikalirudisha. Mchana Mama Celestine akanituma nipeleke majani chai kwenye kituo cha kuuzia, na foleni ya mizani ilikuwa ndefu. Niliporudi, jua lilikuwa limeanza kushuka. Na jua likitua Ijumaa, kazi basi mpaka litue tena kesho. Mimi ni shemasi wa Wasabato. Sina pa kujificha.

Nikaona boliti! Ilikuwa imevaa matope. Nikawasha injini kidogo ipate joto, nikazima, nikaweka karai chini, nikafungua. Ee Nyasae, Mungu wangu, ilitoka! Nilifurahi kama mtoto. Ilitiririka mpaka tone la mwisho, nikafunga boliti vizuri. Nikachukua kopo jipya. Nikageuka.

Mama Celestine alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. Akasema jua limetua.

Nikamwambia halijatua, limejificha tu nyuma ya mlima wa Manga. Watu wa Kisii, ng'ambo ya pili, bado wanaliona. Kwa watu wa Kisii hii bado ni Ijumaa! Akaniuliza kama mimi ni mtu wa Kisii mjini au ni shemasi wa Nyamira. Halafu akaliona karai. Ni lile analokandia unga wa chapati. Alikuwa amelitenga kwa ajili ya wageni.

Tukaimba wimbo wa kufungua Sabato. Yeye aliimba akinitazama. Mashine iko nje, tumbo tupu. Kopo liko kando yake, limejaa. Sabato njema.

Jumamosi, 9 Agosti

Nililala nikifikiria injini isiyo na oili, na wageni wanaokuja. Alfajiri nikapata njia.

Onyiego ni Mkatoliki. Sabato yake ni kesho. Lakini siwezi kumtuma. Amri inasema hata mgeni aliye ndani ya malango yako asifanye kazi. Nikaipima vizuri. Onyiego hayumo ndani ya malango yangu. Yuko ng'ambo ya ua. Hata hivyo kumwomba ni kumwomba. Na pia, nisifiche, kumwomba Onyiego kunanikwama kooni hata siku za kazi.

Kuzungumza na kuku si dhambi.

Kabla ya kwenda kanisani nikavaa suti, nikasimama karibu na ua, nikawaeleza kuku, kwa sauti ya kutosha, kwamba ile mashine imemwagwa oili na haijajazwa, kwamba boliti imeshafungwa, kwamba kopo liko hapo kando, na kwamba moyo wangu unaumia kwa sababu ya mtoto wangu. Kuku walisikiliza vizuri. Onyiego alikuwa akinyunyizia sukuma wiki zake. Hakuinua kichwa.

Tukakaa kanisani mpaka jioni. Nikarudi mbio. Kopo lipo, limejaa vilevile, halijafunguliwa! Jirani gani huyu? Nilikasirika sana. Nikangoja jua lizame, na safari hii hata Kisii lilizama. Wimbo ulipokwisha nikachukua kopo, nikamimina lote, nikiwa na kurunzi mdomoni. Kijiti sikukipima. Kipimo cha nini? Muuzaji alisema kopo moja.

Jumapili, 10 Agosti

Lazima niandike.

Asubuhi nilitoka na mashine. Nikavuta kamba. Haikuwaka. Nikavuta, nikavuta. Mama Celestine alikuwa jikoni akikandia chapati kwenye beseni la kuogeshea watoto, akiupiga unga hivi kwamba nilisikia mpaka nje. Celestine akatoka amevaa gauni la kijani, amependeza mpaka nikasahau kamba. Akaniuliza taratibu kama nina hakika. Nikamwambia asubiri aone.

Nikavuta kwa nguvu zote. Ikawaka! Nikakata mstari mmoja mzuri mpaka kwenye migomba. Nilipogeuka, moshi ukaanza. Mweupe. Kwanza kidogo, kisha ukawa mkubwa kuliko nyumba. Sikuiona nyumba. Sikuiona miguu yangu. Nikaendelea kusukuma, nikidhani injini inajisafisha.

Wageni walikuwa wameacha gari barabarani na kupanda kwa miguu. Desturi ni wageni wasimame langoni, wangoje wenye boma watoke kuwapokea kwa nyimbo. Mama Celestine alikuwa amepanga akina mama wa kuimba. Lakini Mzee Momanyi akaona moshi ukipanda juu ya migomba, akapiga yowe kwamba boma linaungua, na wazee wote wakavamia langoni kwa mbio. Akina mama wakasahau wimbo. Mzee akakuta ndoo penye tangi, akachota, akaingia moshini na suti yake, akamwaga.

Maji yote yalinipata mimi. Ya ndoo ya pili yakaipata mashine. Ikalia pshii, ikamrushia Mzee oili, ikanyamaza.

Moshi ukatawanyika. Hapo ndipo tulipoonana kwa mara ya kwanza mimi na mkwe wangu, mimi nimelowa mpaka soksi, yeye ameshika ndoo, suti yake imetapakaa oili kifuani. Nikamtafuta Celestine. Alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Alikuwa na uso uleule wa siku ya ng'ombe. Sijawahi kujichukia hivyo. Nilitaka ardhi inimeze, na mashine iende nami.

Wakati huo Onyiego alikuwa anarudi kutoka misa. Akasimama penye ua, akauliza kumetokea nini. Akauliza kama nilipima kijiti. Nikamuuliza kwa nini nipime. Akasema, kwa upole wake uleule, kwamba jana tulipokuwa kanisani aliruka ua akaijaza. Alitumia oili yake mwenyewe. Hakutaka kugusa kopo langu bila ruhusa, wala kuniambia, nisije nikahesabiwa nimemfanyisha kazi siku ya Sabato.

Injini ilikuwa na oili maradufu. Mtu ameruka ua na oili yake, nami nimeshinda jioni nzima nikimlaani moyoni.

Mzee Momanyi akauliza Onyiego alijuaje kwamba mashine haina oili. Onyiego akasita, akanitazama, akasema aliwasikia kuku wakiambiwa.

Kisha Lewis, aliyekuwa nyuma ya wazee, akacheka. Alijaribu kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Celestine akamtazama, akaondoa kiganja, naye akacheka mpaka akashika mlango. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka juzi. Wazee wakafuata.

Mzee Momanyi pekee ndiye hakucheka. Alikuwa akifuta kifua chake kwa leso, na oili inazidi kuenea. Akanivuta kando penye migomba, akaninong'oneza kwamba suti si yake. Ameiazima kwa ndugu yake wa Kisii. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni mtu wa majivuno, hana budi aje amevaa vizuri.

Nilimshika mkono, nikashindwa kuuachilia. Nikamwambia habari za ng'ombe, zote, mpaka ndoo. Hapo akacheka.

Nikampa sweta langu la kwenda shambani. Tukakaa, yeye na sweta, mimi na suruali ya michezo ya zamani, na maneno ya mahari ambayo huchukua kutwa yakaisha kabla chapati hazijapoa. Chapati zilikuwa laini. Mama Celestine amesema beseni ni zuri kuliko karai. Wageni watarudi Jumapili ijayo na ng'ombe. Ng'ombe wao wenyewe!

Walipoondoka Celestine akanikumbatia, nikiwa bado nanuka moshi. Akanifanya niahidi kwamba nikihitaji kitu kwa Onyiego nitamwomba mwenyewe, kwa mdomo, kama watu wanavyoombana. Nimeahidi, na machozi yalinilengalenga. Onyiego ni mtu mwema. Naandika hapa, isije ikasemwa kwamba sikuwahi kusema.

Jumatano, 13 Agosti

Suti aliyoiacha Mzee Momanyi kwetu imefuliwa mara nyingi. Doa limebaki, lakini limekuwa jepesi. Mzee Momanyi amepiga simu: atamwambia ndugu yake kwamba ndivyo suti za siku hizi zilivyo. Nimempenda mtu huyu.

Onyiego amekata nyasi zake tena. Zilikuwa na haja gani?

Ijumaa, 15 Agosti

Wakwe wanakuja Jumapili na ng'ombe. Mbele ya nyumba kuna mstari mmoja uliokatwa, na kwingine kote ni msitu. Mama Celestine anasema tuache, ng'ombe watakula. Hajui maana ya heshima.

Mashine imekauka. Ila iliingiwa na maji, kwa hiyo oili yote lazima itoke, iingie mpya. Kutwa nimeshinda nikijenga kibanda cha ng'ombe, nami boliti sasa naijua. Nimelala chini. Nimeifungua. Inashuka vizuri kwenye beseni.

Onyiego yuko pale penye sukuma wiki zake. Ningemwita sasa hivi, aje tumalize pamoja. Niliahidi. Lakini ataleta ule upole wake.

Mama Celestine anaita kwamba jua limegusa Manga. Nimemjibu kwamba Kisii bado wanaliona. Kesho asubuhi nitawaeleza kuku.