Chai ya Mwalimu Elinipendo

Sogeeni, enyi watu wa migombani nanyi wa Moshi mjini, mtege masikio, nipate kuwasimulia vita vya Mwalimu Elinipendo, simba-jike wa darasa la pili, mshika chaki asiyetetereka, siku alipoazimia kunywa chai ingali moto.

Msidhani ni jambo dogo. Tangu shule ifunguliwe chai yake ilikuwa ikipoa mezani na kuota utando, kwa maana kila alipoinua kikombe amri ilishuka kutoka wilayani: leta takwimu za wanaojua kusoma; leta andalio la somo; leta picha kuthibitisha kwamba umeleta. Shujaa akajaza na kujaza, na watoto wakamngoja.

Basi kengele ya mapumziko ikalia. Elinipendo akamimina chai ya maziwa, mvuke ukamfunika uso. Midomo ilipokaribia ukingo, mlango ukafunguka, akaingia Mwalimu Davis, mkuu wa shule, jemadari wa simu mbili, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, mthibiti ubora amefika kutukagua," akanena. "Anataka maandalio ya wiki nzima, na wilayani wanadai takwimu sasa hivi. Tua kikombe."

Elinipendo akasimama wima.

"Mkuu wangu, nimekutii masika na kiangazi. Nimejaza mpaka nikaota najaza. Maandalio yapo kabatini, takwimu nitazituma. Ila kikombe hiki sikitui, hata mkoa mzima ukipanda mlima huu."

Davis akazitazama simu zake mbili. Nyuma yake akatokeza mthibiti ubora mwenyewe, Mama Eunike, mwenye kutisha, kakumbatia mafaili. Shujaa akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hiyo chai ina tangawizi?"

"Inayo."

Mama Eunike akayabwaga mafaili sakafuni, akaketi. "Nimetoka nyumbani alfajiri, na mimi nadaiwa ripoti kabla ya mchana. Nimiminie upesi, kabla simu yangu haijalia."

Ikalia. Zikalia na mbili za Davis. Hakuna aliyepokea; Davis alikuwa akitafuta kikombe chake. Wakanywa watatu, kama wafalme waliopatana, na Elinipendo alipoungua ulimi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa kuwa alikuwa amesahau kwamba chai huunguza.

Kisha akaingia darasani na nguvu zake zote, watoto wakanguruma silabi mpaka wachuma kahawa wa bondeni wakainua vichwa.

Na iandikwe katika tarehe za Kilimanjaro, wajukuu wasome: siku ile mwalimu alikunywa chai, ikiwa moto, akaimaliza.