Malalamiko Dhidi ya Somo la Kumi na Tisa

Kwa Mkuu wa Kituo cha Kiingereza cha Watu Wazima,
Ofisi ya juu, mlango wenye pazia la kijani.

YAH: SOMO LA "KUJUTIA YALIYOPITA" NA MADHARA YAKE KWA FUNDI SURUALI

Ndugu Mkuu,

Nakuandikia kwa heshima na kwa Kiswahili. Kwa heshima kwa kuwa wewe ndiwe mwenye kituo; kwa Kiswahili kwa kuwa ningeandika kwa Kiingereza ungemhurumia mwalimu wako badala ya kunihurumia mimi.

Mimi ni mwanafunzi wako wa darasa la jioni, yule mwenye kipara na miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, dawati la tatu upande wa dirisha. Kazi yangu ni kushona suruali. Nashona suruali tu. Ukiniletea shati nitakupa kiti, nitakupa maji, kisha nitakuelekeza kwa mwingine. Ni miaka ishirini na sita sasa mtaa mzima unaniita Fundi Suruali, na hata mama mkwe wangu, akiwa amekasirika, huniita hivyo hivyo.

Nina malalamiko matano, na naomba yashughulikiwe kabla ya Ijumaa, siku ya mtihani wa mwisho na ya darasa letu kufungwa. La tatu nimeliruka kwa sasa. Nitalirudia nikipata nguvu, usidhani nimesahau kuhesabu.

La kwanza: kiti changu.

Siku ya kwanza mwalimu wako, binti mpole aliye na umri wa kitinda mimba wangu, alitupanga kwenye madawati kwa kufuata majina ya baba zetu katika rejista. Mpango safi kabisa. Tatizo ni kwamba wawili kati yetu tuna baba mmoja.

Yule bwana mrefu ninayekaa naye ni kaka yangu, Ndugu Mkuu. Tumbo moja, ziwa moja. Mtaani anaitwa Fundi Makoti. Zamani tulikuwa na chumba kimoja cha kazi na cherehani mbili zilizotazamana: yeye akishona kutoka kiunoni kwenda juu, mimi kutoka kiunoni kwenda chini, na mteja akatoka pale na suti kamili. Kisha tukaacha kuongea. Siku ile ya rejista tulikuwa tumetimiza miaka saba. Hatukumweleza mwalimu, maana ili kumweleza, mmoja wetu angelazimika kusema "sisi".

Hasara ya jambo hili utaiona ukitembea mtaani. Mtu anayetaka suti siku hizi anachukua koti kwake na suruali kwangu, na kwa kuwa hakuna anayekwenda kumuuliza mwenzake amekata jora lipi la kitambaa, kila mmoja anakisia rangi. Karani wa mahakama juu ni bluu, chini ni nyeusi iliyopauka. Ukimwona kwa mbali utadhani ni watu wawili waliofahamiana asubuhi hiyo. Wake zetu hawakuingia katika ugomvi huu. Wanaazimana chekeche, wanasukana nywele, na wanatucheka, kila mmoja akianza na wa kwake.

La pili: kazi ya wawiliwawili.

Katika fomu yako niliandika kwamba najiunga ili "kukuza biashara". Naomba ufute. Ukweli ni kwamba nilimwona kaka akipita mbele ya mlango wangu na daftari jipya kwapani. Nikapeleleza, yaani nikamuuliza mke wangu, naye akaniambia shemeji yake anataka kujifunza Kiingereza ili aongee kwenye simu na wajukuu zake walioko ng'ambo, ambao Kiswahili hawakijui. Mimi sina mjukuu ng'ambo. Sina hata mtu wa ng'ambo anayenidai salamu. Lakini sikuweza kulala nikijua kaka yangu atajua kitu nisichokijua. Kesho yake nikaja kujiandikisha.

Basi, kwa masomo kumi na nane, mwalimu alitutaka tuzungumze kwa zamu, na sisi ni watu wazima, hatukutaka kumvunjia heshima. Jumatatu kaka aliniuliza kituo cha treni kiko wapi. Nikamwelekeza. Akasema ahsante sana, kwa Kiingereza, na nikaona masikio yangu yakipata moto, kwa sababu mara ya mwisho kuambiwa ahsante na yule mtu nilikuwa na nywele. Jumatano nilimuuzia nyanya. Wiki iliyofuata nilikuwa daktari, akaniambia kichwa kinamuuma tangu juzi. Nikampa vidonge, na usiku ule nikamuuliza mke wangu kama kweli shemeji yake anaumwa kichwa. Akasema, "Si uende ukamuulize mwenyewe, nyumba ya tatu tu hapo."

Hilo halikuwezekana. Tukishavuka geti, yeye anashika kushoto na mimi kulia, ingawa nyumba zetu zote ziko kushoto. Mimi huzunguka kwa nyuma, kwenye karakana ya kuchomelea. Mlinzi wako ameshaanza kuniuliza kama nina mtu wa siri huko.

La nne: somo lenyewe.

Jumatatu iliyopita mwalimu alifungua somo la kumi na tisa. Akaandika ubaoni namna Waingereza wanavyojutia. Ndugu Mkuu, wale watu wamejenga nyumba ya majuto yenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza unaweka jambo ambalo hukulifanya. Chumba cha pili unaweka lile ambalo lisingalitokea. Ukishaingia cha kwanza huwezi kutokea dirishani. Lazima upite cha pili, na huko ndiko unakokutana na sura yako.

Sisi kwa kawaida tunasema "basi tu, imeshatokea" na tunaendelea na kazi. Sioni ubaya wake.

Mwalimu akatutaka kila mmoja aandike sentensi kumi za kweli. Dereva wa lori aliandika kwamba kama angalimsikiliza mkewe asingalinunua lori. Mkunga aliandika sentensi moja, akaweka kalamu chini, akaomba ruhusa ya kwenda kunawa uso. Mimi niliandika kumi mfululizo bila kukwama. Kama ningalinunua kiwanja kando ya mto, ningalikuwa tajiri. Kama ningalisoma zaidi, ningalikuwa waziri. Kama ningalizaliwa mrefu, ningalivaa vizuri zaidi. Mwalimu akanirudishia daftari, zote zina alama ya vema, na chini kwa wino mwekundu ameandika: "Ni sahihi. Je, ni za kweli?"

Nauliza kwa unyenyekevu: tangu lini mwalimu wa lugha akasahihisha ukweli?

Na ugonjwa huu unaambukiza. Nilipokuwa nikikariri nyumbani, mke wangu akataka kujua maana yake. Nikamfafanulia. Akageuza chapati, akasema kwa sauti tamu sana, "Kama ningalimkubali yule mpiga picha, leo nisingalikuwa nafagia vipande vya nyuzi." Miaka ishirini na minane ya ndoa, ndiyo kwanza nasikia habari za mpiga picha. Mama mkwe akadakia kwamba hata yeye alimpenda yule mpiga picha. Kesho yake nikampima mteja kiuno, akaanza kujutia mambo ya tumbo lake. Nikakimbilia kwa kinyozi nipumzike, na kinyozi naye alikuwa ameshasikia kutoka kwa dereva wa lori. Sikutaka wembe mikononi mwa mtu anayefikiria maisha yake upya. Nikaondoka katikati ya kunyolewa, na ndevu upande mmoja.

La tano: mikono yangu.

Tangu somo hilo siwezi kukata. Nakunja kitambaa, nakifungua, nakikunja tena. Naweka chaki, naiondoa. Nilikuwa nakamilisha suruali tatu kwa siku. Juzi nilikamilisha mguu mmoja.

Sasa la tatu.

Ukitaka kukata suruali, unakunja kitambaa kwanza, uso kwa uso, ili mkasi ukipita mara moja upate mguu wa kulia na wa kushoto. Usipokunja, ukakata kipande, kisha ukakata cha pili kwa kufuata kile kile, unapata miguu miwili ya kushoto. Hili ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Mimi nililifanya nikiwa na miaka kumi na tisa kazini, kwa sababu nilikuwa nabishana na muuza magazeti juu ya mpira huku mkasi ukienda. Ilikuwa suti ya bwana harusi, harusi ni kesho yake, na jora lile lilikuwa limekwisha dukani.

Kaka hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe hospitali. Bwana harusi alipofika na kuuliza nani amekata, mdomo wangu ulisema, "Kaka." Ulisema wenyewe kabla sijaushauri.

Na wakati huo huo kaka akaingia. Akaitazama meza. Yeye ni fundi, hakuhitaji hata dakika. Akanitazama mimi. Kisha akamgeukia bwana harusi akasema, "Ni mimi, bwana. Unisamehe." Akaenda nyumbani, akarudi na suti yake mwenyewe, ile pekee aliyokuwa nayo, akafumua pindo, akaishusha, na yule kijana akaolea suti ya kaka yangu. Hakuirudisha. Tangu hapo kaka huhudhuria harusi kwa shati.

Nilikesha nikipanga majibu ya kumpa akinifokea. Nilikuwa na majibu mazuri sana. Hakunifokea. Asubuhi alibeba cherehani yake akahamia mtaa wa pili, na mimi nikabaki na majibu yangu.

Jumatano, Ndugu Mkuu, mwalimu alitutaka tusomeane sentensi moja ya kweli, kila mtu na jirani yake. Kaka akaanza. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, kwamba kama asingalihamisha cherehani, asingalikula chakula cha mchana peke yake miaka saba.

Zamu yangu ikafika. Zile sentensi zangu za kiwanja na uwaziri zilikuwa mbele yangu, safi, zimeshapata vema. Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu maneno ya Kiingereza hayajawahi kunisikia nikidanganya. Nikasema kwamba kama ningalikunja kitambaa, nisingalikata miguu miwili ya kushoto. Na kama nisingalikuwa mwoga, nisingalisema ni wewe.

Kaka hakuinua kichwa. Alinisahihisha kitenzi kimoja kwa sauti ya chini, na alikuwa sahihi. Kengele ikalia. Mwalimu akatupa tisa kwa kumi. Moja ameikata kwa sababu mimi sikusikika vizuri. Getini yeye akashika kushoto, na mimi nikazunguka kwa karakana.

Hiyo ndiyo hali uliyoniachia. Nimeshasema, na nimesema katika lugha ambayo Ijumaa inafungwa. Kwa hiyo naomba yafuatayo: somo la kumi na tisa liondolewe, au lifundishwe kwa vijana chini ya miaka ishirini ambao bado hawajafanya kitu, mimi nihamishiwe dawati jingine, hata lile lenye mguu mbovu, na kituo kinipatie cheti chenye muhuri, kieleze kwamba lolote lililosemwa kwa Kiingereza ndani ya darasa halihesabiki nje ya geti.

Nisalimie mwalimu, umwambie hana kosa. Msalimie mlinzi, umwambie sina mtu wa siri. Salamu kwa mkunga, kwa dereva wa lori na lori lake, na kwa yeyote mwingine anayeniulizia, kama yupo.

Wako katika kukunja na kukunjua,

Fundi Suruali
(dawati la tatu, dirishani)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha asubuhi ya leo, shemeji, mke wa kaka, alipoingia na kifurushi. Akakiweka mezani, akasema ametumwa, akaenda zake kwa mke wangu kucheka. Ndani kulikuwa na koti la bluu lililokatwa lakini halijaungwa, na kitambaa kilichobaki cha jora lile lile, kinachotosha suruali moja. Kwenye kitambaa ilikuwa imebanwa kwa pini karatasi ya vipimo, kwa mwandiko wa kaka. Urefu wa mguu, ameandika. Paja, ameandika. Pindo, ameandika. Mstari wa kiuno ameuacha wazi.

Ninalo daftari letu la zamani, kiuno chake kimo humo. Lakini ni kiuno cha miaka saba iliyopita. Nikachukua futi yangu ya kupimia nikaenda mtaa wa pili, kwa njia ya moja kwa moja, kushoto. Akasimama, akanyanyua mikono. Nikamzungushia futi, nikasoma namba mara tatu. Ndipo akasema, kwa Kiswahili, "Usinibane sana, mdogo wangu."

Nikalegeza futi kidogo. Nikaandika namba.

Kwa hiyo malalamiko yote matano yafutwe, na somo libaki. Dawati naomba lisiguswe, na kama kuna darasa la mbele ya hili, rejista iendelee kufuata majina ya baba. Ila Ijumaa tutachelewa mtihani kidogo, sote wawili. Tuna suti ya kujaribu.