Tundu Waliloniachia Tumboni

Jumatatu, 8 Septemba. Wodini, Kibondo.
Kosa la wagonjwa wengi ni kuogopa kutazama kidonda chao. Mimi nimetazama. Wamesahau kumalizia!
Nieleze kwa utaratibu. Mwezi wa tano utumbo wangu ulijisokota. Wakakata, wakatoa ncha nje ya tumbo, nikaishi miezi minne na mfuko wa choo ubavuni. Ijumaa wameurudisha utumbo ndani. Pale ulipotokea wamezungusha uzi na kuuvuta, kama mdomo wa mfuko wa kamba, na katikati pamebaki tundu. Kidole kinaingia. (Nusu tu.)
Jirani yangu wa kitanda, Nestori, mkulima wa Kasanda, alikuwa na mfuko kama wangu. Daktari mwingine kamshona mstari ulionyooka kama rula.
Jumamosi ni posa ya mjukuu wangu Nadine, nyumbani Kagerankanda. Msemaji wa ukoo ni mimi. Nisipofika atasimama mdogo wangu Tharsisi, mtu asiyeweza kueleza jambo kwa zaidi ya dakika kumi. Lazima nitoke Ijumaa.

Jumanne, 9 Septemba.
Nimelalamika kwa nesi Zuleha. Anasema tundu ni la makusudi. Palipopita choo hapakosi vijidudu. Ukishona pote unavifungia ndani. Tundu hutoa uchafu, kisha hujifunga lenyewe. Nikamweleza hayo hayo upya, kwa mpangilio bora. Hakushukuru.
Nestori kacheka hadi kashika tumbo. Kauliza kama nimeachiwa dirisha ili ukoo uwe unachungulia.
Daktari Lukmani kasema nitatoka Ijumaa iwapo kidonda hakitoi maji mengi. Nadhani alimaanisha yasionekane.

Jumatano, 10 Septemba.
Mpango! Kabla daktari hajapita, nikabandua bandeji yenye unyevu. Nikaweka kitambaa kikavu cha mke wangu Epifania, kile kinachofunika chupa ya chai. Nikakisokomeza kidogo tunduni. Mikono sikunawa, muda haukuruhusu.
Daktari akafunua. Akasoma kwa sauti maandishi ya uzi mwekundu: Karibu Mgeni.
Zuleha akaniuliza taratibu, "Mzee wangu, vijidudu umeviandikia na kadi?"
Wodi nzima ilicheka. Kidonda kimeoshwa upya. Nilieleza namna bora ya kukiosha huku nalia. Kutoka sasa ni Jumatatu, wakiridhika.

Alhamisi, 11 Septemba.
Nestori hajacheka leo. Homa. Mshono umevimba, mwekundu. Wamekata nyuzi, usaha ukatoka. Zuleha anasema si kila mshono wa namna ile huoza, ila hatari yake ni kubwa zaidi. Sasa ana tundu kubwa mara tano ya langu.
Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumrudishia. Nilipoona anatetemeka nikampa blanketi langu. Kisha nikampa maneno.

Jumamosi, 13 Septemba.
Epifania kapiga simu. Tharsisi kasema dakika nane. Kila kitu kimekubaliwa, wageni wamemsifu. Upande wa mume wameuliza kama babu yu mahututi. Mahututi!
Nadine kachukua simu. "Sogokuru, babu yangu, pona kwanza. Siku ya mahari utaongea mpaka ng'ombe walale."
Nilishindwa kujibu. Zuleha akaja kunipima joto.

Jumatano, 8 Oktoba. Nyumbani, Kagerankanda.
Tundu limejifunga lenyewe, kama nilivyosema tangu mwanzo. Nestori bado anaoshwa kidonda chake kliniki, nami humpigia simu kumwelekeza.
Daktari amekataza kunyanyua kitu kizito mpaka wiki sita ziishe. Misuli chini ya kovu bado ni dhaifu. Utumbo unaweza kusukuma na kutokeza. Maelezo mazuri, ingawa mafupi.
Jumamosi wakwe wanaleta mahari. Wakinikuta nimekaa kitini na mto mgongoni, watamwangalia Tharsisi. Wakinikuta natoka getini na kreti la soda mikononi, hakuna atakayeuliza tena habari za mahututi. Na kreti si kitu kizito. Ni chupa nyepesi ishirini na nne zilizokaa pamoja.
La kufanya leo: nitafute kreti lenye vishikio imara.