Mzungu Asiyesema Asante

Kiarie alikuwa muuza mashamba mashuhuri pale Eldoret, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu. Jambo hilo halikumkosesha usingizi mpaka Warigia, fundi cherehani ambaye Kiarie alimpenda kwa dhati, alipomwambia hawezi kuolewa na mtu mwenye suti moja na chumba cha kukodi. Anunue ploti kwanza, ndipo waongee. Mwaka ulikuwa 1968, wazungu walikuwa wakiuza na kwenda zao, na kila mwenye duka alikuwa akiota ekari. Kiarie alihitaji ujanja mmoja tu wa mwisho, kisha awe mtu wa heshima. Watu wa aina yake huwa na ujanja wa mwisho kila mwezi.

Asubuhi moja, kwenye barabara ya Kampala, alisimama ghafla. Kijana wa kizungu mwenye ndevu za wiki tatu, mkoba mgongoni na akala za mpira wa gari miguuni, alikuwa akibishana na mama mmoja juu ya bei ya ndizi. Mji ule haukuwa umewahi kuona mzungu maskini. Watu walidhani huko kwao hawazaliwi. Kiarie aliziangalia zile ndevu akaona kazi ya kinyozi, akaziangalia zile akala akaona viatu vyake mwenyewe vikichukua nafasi yake. Kisha akaona shamba.

Kijana aliitwa Paul, kwao Uholanzi, na alikuwa ametoka Mombasa akielekea Kampala bila kulipa nauli hata mara moja. Siri yake ilikuwa rahisi. Unasimama kando ya barabara, unainua kidole gumba, gari linasimama. Alikuwa akilala misheni na kwenye vituo vya polisi, na chakula akipewa na madereva wa malori, ambao pia walimfundisha Kiswahili. Kiarie hakuamini kuwa kuna nchi mtu anaweza kuizunguka bure namna hiyo, mpaka alipokumbuka kuwa ni nchi yake.

Wakapatana. Paul atapata kitanda na nyama kwa siku tatu katika hoteli ya Mama Hulda. Naye atavaa suti na viatu vya Kiarie, awe mtoto wa mwenye shamba mmoja upande wa Kapseret, ambaye mwenyewe alikuwa amekwenda pwani kupumzika. Paul aliuliza kama huo si uongo. Kiarie akamweleza kuwa ni desturi tu ya hapa, mnunuzi hupenda kuona uso. Paul akaifikiria ile nyama, akakubali.

Tatizo likawa adabu yake. Mama Hulda alipoleta chai, Paul alimshukuru sana, na Kiarie akaweka kikombe chini.

"Wewe utatuharibia kazi. Mzungu wa shamba hasemi asante. Anasema, lete chai. Ukiulizwa swali ngumu, sema shauri yako, halafu unaangalia mbali."

"Na tafadhali?"

"Hiyo nayo uliitoa wapi? Wachana nayo kabisa."

Walifanya mazoezi mpaka Mama Hulda akachoka kuagizwa chai.

Mnunuzi alikuwa Gathogo, mwenye duka la vitambaa. Gathogo alikuwa katika kikundi kilichokuwa kikichanga polepole kununua shamba la pamoja, lakini alichoka kuwangoja wenzake, akataka lake peke yake, kimyakimya. Hata hivyo hakuwa mjinga. Alikuwa ameona hati nyingi za uongo mjini.

"Karatasi hata mimi naweza kuandika," alisema. "Mimi nataka kuona mwenyewe, na pesa naweka kwa mkono yake. Si yako, Kiarie. Usikasirike."

Kiarie hakukasirika. Mkono wa Paul na wake aliuona ni mkono mmoja.

Mlinzi wa shamba, Kipyego, alipewa kilo mbili za sukari akaenda kumtembelea dada yake. Lakini mbwa hakuna aliyewakumbuka. Walitoka watatu mbio, wakafika kwa Paul, wakamnusa, wakaanza kumlamba mikono. Kisha wakawageukia Kiarie na Gathogo na kuwapandisha wote wawili juu ya tangi la maji. Mbwa wa walowezi siku zile walifundishwa somo moja tu, nao walikuwa wamelishika vizuri. Gathogo, akining'inia pale na suruali imechanika, aliona ushahidi unaoshinda hati yoyote.

"Mbwa haiwezi kudanganya," alimnong'oneza Kiarie. "Huyu ni mtoto ya hapa."

Kwa tahadhari ya mwisho, akauliza kutoka huko juu kwa nini bei ni nafuu hivyo.

"Shauri yako," alisema Paul, akaangalia mbali.

Gathogo aliridhika kabisa. Mbwa walipofungiwa alishuka, akatia bahasha nene mkononi mwa Paul, naye Paul akaitia katika mfuko wa suti bila kusema asante. Kiarie alijivunia mwanafunzi wake.

Waliporudi hotelini Paul aliomba kwenda chooni. Mkoba wake ulibaki chini ya meza, kwa hiyo Kiarie, akala miguuni, alikaa kwa raha akinywa chai na kumpigia Warigia hesabu, moyoni, ya vyumba vya nyumba yao. Alikuwa kwenye kikombe cha pili aliposikia king'ora cha treni ya Kampala.

Alikimbia mpaka stesheni, akamkuta Paul kwenye dirisha la daraja la kwanza. Kiarie akamwendea askari wa stesheni, akamwambia yule mzungu amemwibia. Askari aliitazama suti, akakitazama kiti, kisha akamtazama Kiarie mpaka kwenye akala.

"Huyo? Amekuibia nini?"

"Pesa, afande."

"Pesa ya nini?"

Kiarie akageuka nyuma. Gathogo, aliyekuwa amekuja kupokea marobota yake ya vitambaa, alikuwa amesimama nyuma yao. Alivua kofia, akamtakia bwana mdogo safari njema, akamwarifu kuwa kesho asubuhi anahamishia ng'ombe wake kule shambani.

Treni ikaanza kusogea. Kiarie akatembea nayo sambamba.

"Paul, ndugu yangu, hiyo ni pesa ya ploti," alisema kwa sauti ya chini. "Ni ya kuoa." Huenda huo ulikuwa ukweli wake wa kwanza mwaka ule, na ulimuuma kuusema.

Paul alimtazama bila chuki yoyote. "Shauri yako," akasema, akaangalia mbali. Kisha akamgeukia mhudumu wa treni. "Lete chai."

Kiarie alitaka kuvuka mpaka wa Uganda kabla ng'ombe wa Gathogo hawajakutana na wale mbwa. Alichukua ule mkoba, akasimama kwenye barabara ya Kampala, akainua kidole gumba. Magari yalipita, mengine yakaongeza mwendo. Paul alikuwa amemfundisha yote ya kusafiri bure ugenini, isipokuwa magari husimama kwa ajili ya nani. Alimfikiria Warigia na cherehani yake, akaona uchungu.

Mama wa ndizi alimtazama kwa muda mrefu, akamwonea huruma.

"Baba, hiyo mkono imeumia?"

"Hapana, Mama. Nasafiri tu," alisema Kiarie, akauliza bei ya ndizi, akaanza kubishana.