Barua ya Ukurasa wa Hamsini

Redio ya Asli ndiyo iliyoleta fitina. Saa nne asubuhi, watu wamejikalia kwenye benchi la kibanda chake cha chai hapo Garsen, mtaalamu mmoja akatangaza kutoka Nairobi kwamba watu wa Tana River hawasomi vitabu. Mtangazaji alipomuuliza amefika huku lini, mtaalamu akasema bado hajapata nafasi, ila ripoti ameisoma.

"Ripoti ameisoma," Sadik akarudia, akaweka kikombe chini taratibu. "Basi msomaji ni yeye. Sisi ni mbuzi."

"Mbuzi ana nafuu," Asli akasema. "Mbuzi ukimpa karatasi anaimaliza."

Mramba hakucheka. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kumshukia mtaalamu huyo, maana yeye ndiye msomaji mkubwa wa benchi lile, na kwa ajili ya aina ya vitabu anavyosoma walimbandika jina la Milionea. Leo alikuwa na lake. Saa mbili asubuhi alikuwa amepita ofisi ya mradi wa maji, akaacha barua ya kuacha kazi juu ya meza ya Winfred, karani. Miaka kumi na saba ya kuwasha na kuzima pampu, kazi ya kudumu yenye pensheni mwishoni, ilikuwa imekunjwa mara tatu ndani ya bahasha ya kaki. Kadzo, mkewe, hajui. Benchi halijui. Alikuja hapa awaambie wamsifu, na alipofika akajikuta anaagiza chai ya pili kabla hajamaliza ya kwanza.

"Huyo mtaalamu aje hapa ahesabu," Asli akasema, akionyesha kwa kidole katoni iliyokuwa chini ya meza ya vikombe.

Katoni yenyewe ilikuwa na historia. Gari moja la wafadhili, likienda Hola baada ya mafuriko, lilikwama kwenye matope karibu na kibanda, wakaomba wapunguze mzigo. Waliacha katoni moja ya vitabu, wakasema watairudia kesho kutwa. Huu mwezi wa tatu tangu waondoke. Asli alingoja, akachoka kungoja, akaifungua kwa kisu cha vitunguu. Benchi lilimwita Spika kwa sababu hapo kwake hakuna anayeongea bila ruhusa yake, naye Spika akaweka sheria moja tu: ukichukua kitabu, lazima urudi utoe maoni mbele ya watu.

"Tena tuanze leo," akasema. "Redio imetutukana. Mimi nafungua. Changu kilikuwa cha mapishi. Ukurasa wa kwanza kinasema, toa siagi kwenye friji mapema ili ilainike. Nikafunga kitabu."

"Mbona mapema hivyo?" Sadik akauliza.

"Hapa siagi ikiona mlango wa friji umefunguliwa tu, unaipangusa kwa kitambaa. Mtu ambaye hajui hilo atanifundisha nini mimi? Sadik, simama."

Sadik alikuwa fundi wa simu, mtu wa Kipini, na walimwita Maelezo kwa sababu hagusi kitu bila kusoma karatasi yake kwanza. Hakusimama, ila alikaa vizuri.

"Mimi changu cha kufuga kuku. Hatua kumi, na picha. Hatua ya sita yasema uwashe hita bandani, vifaranga wasife kwa baridi."

"Baridi ya wapi?" Asli akauliza.

"Hakikutaja. Kimesema washa, nami nikawasha."

"Halafu?"

"Halafu wakakauka. Wote sita, kama dagaa."

"Kwa hiyo kitabu kibaya."

"Kitabu hakina neno," Sadik akasema, na uso wake haukuwa na mzaha. "Kimeandikwa na mtu mwenye digrii. Kosa ni la Garsen, joto lake limezidi kipimo kilichoandikwa."

Mramba alimeza chai vibaya, akakohoa. Asli akamtazama kidogo, kisha akamgeukia mzee aliyekaa pembeni akitafuna buni zilizokaangwa kwa samli. Huyo ni Hirbo, Muorma, dilali wa ng'ombe tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Jina lake la benchi ni Meno, kwa vile hajapata kusifu mnyama bila kumfungua kinywa.

"Yangu ya watoto," Hirbo akasema. "Ndama imepotea, inatafuta mama yake. Inafika mto. Inaingia, inaogelea, inaimba. Inatoka ng'ambo mzima." Akanyoosha viganja viwili vitupu, watu wavione. "Mto gani hiyo hakuna mamba?"

"Ni hadithi tu, mzee wangu," Sadik akasema.

"Hata kwa hadithi mamba anakula. Mimi nasomea mjukuu, yeye ananiuliza, babu, mamba wameenda wapi? Nitasema nini? Nikamwambia wameenda semina."

"Basi nacho kibaya," Asli akasema.

"Hapana. Hiyo kitabu ni mzuri." Hirbo akatema ganda la buni. "Mwisho ndama inafika nyumbani. Mtu aliandika hii alikubeba, akakufikisha. Hakukuacha katikati ya maji."

Maneno hayo yalimchoma Mramba, akayachukia, na akamchukia kidogo na mzee mwenyewe. Mtu mzima na ndevu zake anasifu kitabu chenye ndama anayeimba, huku watu wengine wanasoma vitabu vya kubadilisha maisha.

"Milionea," Asli akaita. "Zamu yako, na leo umenyamaza sana."

Mramba akatoa kitabu ndani ya shati. Kilikuwa kinaitwa *Inuka Kitini*. Kwenye jalada mwanamume wa suti alikuwa amesimama kileleni mwa mlima, mikono ameitanua.

"Huyo anafukuza ndege?" Asli akauliza.

"Anashangilia. Amefaulu."

"Amepanda mlima na tai shingoni," Sadik akasema. "Viatu vyenyewe havina hata vumbi. Huyo alishushwa na helikopta."

"Cheka tu," Mramba akasema. "Hiki kitabu kinasema mwajiriwa ni ngazi ya mwenzake. Wengine wanakukanyaga wanapanda, wewe uko palepale umeegemezwa ukutani. Kinasema woga ndiyo dalili kwamba uko tayari."

"Nikiona mamba naogopa sana," Hirbo akasema. "Niko tayari kwa nini?"

"Mzee, hiki si cha kusoma ukiwa unatafuna. Ni cha vitendo. Ukifika ukurasa wa hamsini kinakuamuru uandike barua ya kuacha kazi, uipeleke, ndipo ugeuze ukurasa wa hamsini na moja."

Asli alikuwa na birika mkononi, akalirudisha jikoni polepole.

"Na wewe uko ukurasa wa ngapi?"

"Hamsini na moja," Mramba akasema.

Hakuna aliyemsifu. Sadik alimtazama kama mtu anayetazama simu iliyoanguka chooni. Asli akageuka akaangalia madumu yake matatu yaliyopangwa chini ya mfereji tangu alfajiri.

"Ndiyo maana mfereji wangu unatoa upepo," akasema. "Pampu hukuiwasha."

"Nimeacha kazi. Mtu aliyeacha kazi haendi kuwasha pampu."

"Sasa utafanya kazi gani, ndugu yangu?" Sadik akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomtisha Mramba kuliko kejeli zote.

"Hilo liko sura ya tisa."

"Umesoma sura ya tisa?"

"Huruhusiwi kuruka."

"Mungu wangu," Asli akasema. "Kuku sita walikauka, na huyu hakujifunza."

Hirbo akajipangusa samli kwenye kikoi, akanyoosha mkono. "Lete hiyo kitabu."

Alikipokea kama anavyopokea kamba ya ng'ombe asiyemfahamu. Yule mwanamume wa mlimani kwenye jalada, Hirbo hakumtazama hata mara moja. Sokoni, muuzaji akisimama mbele ya mnyama akisifu pembe, Hirbo huzunguka nyuma, maana anasema ugonjwa unaona aibu kukaa mbele. Akakigeuza kitabu. Nyuma kulikuwa na picha ndogo ya mtu mnene mwenye miwani, na maandishi madogo. Akaweka kidole, akaanza kusoma neno mojamoja.

"Mwandishi... ni mtumishi... wa serikali... kwa miaka... ishirini na nane." Akavuta pumzi. "Huandika... vitabu vyake... wikendi. Anatarajia... kustaafu rasmi... mwaka ujao."

"Na pensheni yake," Sadik akamalizia.

"Hiyo haikuandikwa."

"Haina haja ya kuandikwa."

Asli akachukua kitabu, akahakikisha kwa macho yake, akakiweka mezani. "Huyu mtu hajainuka kitini," akasema. "Amekikalia miaka ishirini na nane, na kutoka hapo hapo kitini anakwambia wewe uinuke."

Mramba alikuwa amekaa na kitabu hicho wiki mbili, amelala nacho na ameamka nacho, na hata siku moja hakuwahi kukigeuza nyuma. Aliogopa sasa, na woga huu haukuwa dalili ya kuwa tayari kwa lolote. Akilini alimwona Kadzo akiuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, kisha asiulize tena. Alimwona Stacy, binti yake, yuko kidato cha pili bwenini Hola, anaitwa ofisini, anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Miaka kumi na saba, akaitoa kwa sababu ya ukurasa.

"Piga simu," Asli akasema. "Sasa hivi. Weka sauti tusikie."

Mramba akabofya namba ya ofisi. Winfred alipokea simu ikiwa imelia mara nyingi sana.

"Dada Winfred, ni Mramba. Ile barua..."

"Mzee Mramba, barua nimeiona, umeandika 'Kuacha Kazi' juu ya bahasha. Haijapokelewa."

"Haijapokelewa vipi?"

"Mzee, kuacha kazi kuna utaratibu. Kwanza ujaze fomu ya kuomba ruhusa ya kuacha kazi. Msimamizi wako atie sahihi, ndiyo bahasha ifunguliwe. Na hizo fomu zimeisha tangu Februari. Zikiletwa tutakupigia."

"Kwa hiyo mimi bado..."

"Bado ni mtu wa pampu. Tena umechelewa, watu wanapiga simu hapa tangu asubuhi hawana maji. Hiyo bahasha njoo uichukue, inanijazia meza."

Akakata. Mramba alikaa na simu mkononi, macho yamemlowa, na hakuona haya. Ofisi hiyo ameilaani miaka kumi na saba. Aliwahi kuiomba buti za mvua ikamletea moja, ya mguu wa kushoto. Leo kama angeuona mhuri wake angeubusu.

"Utaona mtaalamu wa redioni akisema serikali haifanyi kazi," Sadik akasema. "Ingekuwa inafanya kazi, huyu angekuwa amekwisha."

"Nenda uwashe maji," Asli akasema. "Chai ya leo usilipe, umetuchekesha."

Mramba akasimama. Hirbo akamshika shati.

"Hiyo kitabu unarudisha lini? Mimi naitaka."

"Wewe, Meno? Ulivyokitukana?"

"Si ya mimi. Nataka nimpe Jaldesa. Ni dilali mzuri sana, kila Jumatano ananinyang'anya wateja. Nitamwambia asome pole pole mpaka hamsini."

"Utangoja zamu yako, mzee wangu," Mramba akasema, akakitia kitabu kwapani. "Kwanza nampelekea msimamizi wangu. Kiti chake nimekitamani siku nyingi."

"Si fomu zimeisha?" Sadik akauliza.

"Za wakubwa haziishi," Mramba akasema, akashika njia ya kwenda kwenye pampu.