Kitabu Changu, Presha ya Jean-Bosco

Jumatatu, 3 Machi 2025
Bwera, kliniki ya hapa mpakani. Nesi Medius amenipima presha: 168 kwa 104. Ameniandikia dawa, amlodipini, kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yote. Maisha yote! Nikamwambia kichwa hakiumi, sisikii chochote. Akasema presha haipigi hodi. Kisha akanikataza chumvi. Mimi, Sunday! Muuza chumvi ya ziwa Katwe miaka ishirini!

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu Biira ameficha chumvi. Katika nyumba yenye magunia sita ya chumvi! Nimekula sombe, majani ya muhogo, kama anayetafuna mkeka. Anasema chumvi itarudi siku kitabu changu cha kliniki kitakapoandikwa kwamba presha imeshuka.
Sokoni ni vibaya zaidi. Danieri, anayeuza chumvi meza ya pili, anawaambia wateja kwamba chumvi yangu imenigeukia mwenyewe. Na yake inatoka ziwa lile lile! Mama watatu kutoka ng'ambo ya mpaka wamenunua kwake.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili. Kitabu cha kliniki hakina picha! Jirani yangu Jean-Bosco, fundi viatu kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, ni mwembamba kama sindano yake na hajawahi kugombana hata na mbwa. Presha ataitoa wapi? Nitampeleka Kasese mjini, ambako manesi hawanijui. Atapimwa kwa jina langu. Amekubali kwa sahani moja ya samaki.

Alhamisi, 6 Machi
Kasese. Jean-Bosco akaingia kliniki. Mimi nikabaki nje na chapati ya mayai, nikainyunyizia chumvi ya kusherehekea.
Akatoka, akanipa kitabu. 190 kwa 118! Nesi ameandika vidonge viwili kila asubuhi, kwa wino mwekundu.
"Ile mashini iko na bongo, inadanganya," akasema. "Mimi niko muzima, Sunday. Mutu wa presha ni weye."
Nikakubaliana naye. Mashini mbovu kabisa. Lakini wino haufutiki. Nimejaribu kwa mate.

Ijumaa, 7 Machi
Biira amesoma kitabu. Amelia. Kisha akasimama mbele yangu mpaka nikameza viwili. Nilitaka kueleza ukweli. Nikauona mwiko mkononi mwake, nikameza na ukweli pia.

Jumamosi, 8 Machi
Viwili tena. Sokoni niliinuka kumpimia mteja, dunia ikazunguka. Nikaanguka kifudifudi ndani ya gunia langu mwenyewe. Na nani akanibeba mgongoni hadi kwenye pikipiki ya boda? Danieri! Akanishikilia njia nzima hadi kliniki, akisali kwa sauti. Aibu iliyoje.
Medius akapima: 92 kwa 58. Akatazama kitabu. Akanitazama mimi.
"Mzee Sunday, nani alikwenda Kasese?"
Aliuliza kama afande. Nikasema yote. Hakucheka. Akaagiza Jean-Bosco aletwe upesi, akampima mwenyewe mara mbili. 192! Mashini ya Kasese haikuwa mbovu.
Jean-Bosco aliteremsha mkono wa shati lake. Halafu akauliza, taratibu, kama bado kuna wakati wa kumfundisha binti yake kushona viatu. Medius akamwambia wakati upo, mradi ameze dawa kila siku. Afadhali amejulikana kabla mshipa haujapasuka.

Jumapili, 9 Machi
Kaswera, mke wa Jean-Bosco, ametuletea kuku. Alinishika mikono yote miwili, akasema nimemwokoa mume wake. Nimelitafakari neno hilo ibada nzima. Ni kweli! Bila akili yangu yule mtu angekufa na kiatu mkononi. Nilimweleza Biira. Akasema nile kuku wangu. Bila chumvi.
Danieri naye anatangaza kwamba yeye ndiye aliyeniokoa mimi. Watu wengine hupenda sifa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudishwa kwenye kidonge kimoja. Lakini sasa Medius anataka kunipima na sukari. Kesho nipeleke mkojo ndani ya chupa. Akinikataza na chai tamu, nitaishi kwa nini?
Safari hii simtegemei binadamu. Binadamu wana magonjwa ya siri. Mbuzi wetu hajaonja sukari tangu azaliwe. Nimesimama nyuma yake na chupa tangu saa nane mchana.